Kumbatio la Komandoo Sio Dozi

Juzi tena jamani. Kuna kijana anaandika simulizi za mapenzi, zile za kwenye magrupu ya WhatsApp, unatuma buku unarushiwa sehemu kumi, na ana kawaida ya kunitumia kabla hajaposti, "dada ebu cheki upande wa saikolojia kama uko poa". Nikafungua sehemu ya 47. Binti katekwa, kafanyiwa ukatili, kaokolewa na komandoo mstaafu wa miaka 29 (mnastaafu lini nyie?), kafichwa kwenye nyumba ya ufukweni Bagamoyo. Usiku wa nne anaota jinamizi anapiga kelele, komandoo anavunja mlango, anamkumbatia kwa nguvu, anambusu, na nanukuu, "tangu usiku ule jinamizi halikurudi tena". Itaendelea.

Mimi ni mnasihi, wateja wangu wengi ni watu wa kiwewe, mwaka wa kumi na moja huu, na nikiri mapema kwamba hizi simulizi nazisoma mpaka saa saba usiku, kwa hiyo msinielewe kama nazidharau. Ila wiki hiyohiyo mama mmoja kaniletea bintiye, hata kiti hajakaa vizuri ananiambia mchumba keshapatikana, tena askari, akiolewa atatulia, sasa sijui hapa tumekuja kufanya nini. Mama yule hasomi simulizi, nina uhakika, lakini imani ni ileile ya sehemu ya 47: mwanamke aliyeumizwa dawa yake ni mwanaume mwenye mabega.

Nianze na madogo niyamalize haraka. Kwanza, mtu akibakwa anapelekwa hospitali, sio Bagamoyo. Dawa za kinga ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kila saa inavyopita zinapungua nguvu, sasa steringi kamfungia binti wa watu ufukweni siku nne anampikia supu ya pweza, hongera sana, dirisha limefungwa. Pili, binti kukaa kimya bila kupigana wakati wa tukio sio kuridhia wala sio uzembe wa mwandishi, mwili unaganda, inatokea sana, msimuulize "kwa nini hukupiga kelele", hata komandoo asimuulize. Tatu, adui kwenye simulizi siku zote ni mgeni mwenye Land Cruiser ya vioo vyeusi, wakati wengi wanaokaa mbele yangu waliumizwa na mume, mjomba, mpangaji wa chumba cha pili, mtu ambaye mpaka leo anakuja kula pilau ya Idi. Basi, hayo yameisha.

Na kuna mnachopatia nyie waandishi, niseme. Binti wa sehemu ya 12 anaingia mgahawani anachagua meza ya kona, mgongo ukutani, macho mlangoni, anahesabu watu. Safi kabisa, hivyo ndo ilivyo. Ofisini kwangu kiti cha mteja kiko karibu na mlango kuliko changu, na sababu ndo hiyo, yeye awe wa kwanza kutoka akitaka.

Sasa kumbatio. Mtu anayetoka kwenye jinamizi nusu yupo chumbani nusu bado yupo kule, mwanaume wa kilo 90 akimdaka gizani mwili wake hauna muda wa kusoma kwamba huyu ni mpenzi, unachojua ni mikono na uzito. Atampiga, au ataganda tena, na akiganda komandoo atadhani katulia. Hiyo ndo inanitisha kuliko kupigwa. Simama mlangoni, washa taa, mwite jina lake, mwambie upo nyumbani, leo Jumanne, mimi ni fulani, halafu subiri yeye ndo asogee. Najua haina mvuto. Busu halimo.

Lakini hata hilo sio linaloniudhi kuliko yote, maana linarekebishika kwa aya moja. Linaloniudhi ni yule mlinzi mwema, yule hata wahariri wanampenda, asiyegusa bila ruhusa, anayejua kila kinachomshtua mpenzi wake na anakiondoa kabla hakijafika. Anaogopa sokoni? Sokoni ataenda yeye. Hataki wageni? Hakuna kuleta mgeni. Harufu ya sigara inamkumbusha, basi jamaa kahama mtaa. Wasomaji wanalia "nani kama huyu", na mimi nakunja uso peke yangu, kwa sababu kiwewe kinaishi kwa kukwepa. Kila ukikwepa kitu hofu inashuka palepale, unapata nafuu, na ubongo unaandika kwenye daftari lake: tumepona kwa sababu hatukwenda. Kesho daftari linaongezeka mstari. Mwanzo ni kituo cha basi, halafu barabara nzima, halafu geti, halafu yuko chumbani pazia limefungwa saa sita mchana, na mlinzi anayempenda kweli kashika pazia kwa mkono wake mwenyewe.

Nimewahi kuwa na wanandoa wa hivyo. Nimebadilisha vitu viwili vitatu na wenyewe wamenikubalia niandike. Mke alivamiwa usiku akitoka kituoni, miaka miwili hajapanda daladala. Mume ana bajaji, anampeleka kazini asubuhi na kumrudisha jioni, anakataa abiria wa pesa nzuri ili awahi, na kila akija kwangu analisubiri lile saa zima nje juani. Mwanaume bora, sina la kumsema. Tatizo mke alishaanza kuogopa hata siku bajaji ikiwa gereji. Basi tukapanga ngazi ya vitu anavyoviogopa, avikabili kimoja kimoja badala ya kuvikwepa, kutoka kitu cha hofu ya 2 kwenye kumi mpaka cha 9, na katikati, kwenye 6, tukaweka daladala, Mwenge mpaka Bamaga. Kituo kimoja tu, saa nne asubuhi, mimi nimekaa siti ya nyuma yake.

Kazi ya mume ilikuwa abaki Mwenge. Asifuate na bajaji, asipige simu. Akaniuliza mara tatu, "mshauri, nibaki tu? Nisifanye chochote?" Ubaki tu baba.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hofu ya watu kubanana, sikufikiria la konda. Konda kaning'inia mlangoni anaita "Bamaga wapo? Bamaga!", na huyu mama inabidi aseme "wapo", kwa sauti, gari limejaa wanaume. Kimya. Konda akaita mara ya pili, akagonga bati, dereva akaanza kukipita kituo. Mimi mdomo wangu uko wazi kabisa nataka kumsaidia na nimejing'ata ulimi kweli, sio usemi, niliusikia jioni nikila pilipili. Tukapitishwa. Ndipo akatoa "SHUSHA!" moja, mpaka bibi wa pembeni akadondosha mfuko wa nyanya. Tukashuka mbele ya kituo tukarudi kwa miguu tunaokota pumzi, akacheka, mara ya kwanza namwona meno.

Kule Mwenge mume alikuwa amekaa kwenye kiti cha abiria cha bajaji yake mwenyewe, kashika mkoba wa mkewe kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo wenzangu wa fani hawapendi tuiseme hadharani. Kuna utafiti mzuri ulifanyika mashariki mwa Congo, Kivu, ukatoka 2013, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Vijiji vingine walipewa CPT, tiba ya mazungumzo yenye hatua zake, kikao kimoja cha peke yako na kumi na moja vya kikundi, na waliotoa tiba sio madaktari, ni wahudumu wa palepale waliofundishwa. Vijiji vingine mwanamke alipata mtu wa kumsikiliza na kumsaidia, bila zile hatua. Miezi sita baada ya kumaliza, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa upande wa tiba ni asilimia 9, upande wa kusikilizwa 42, na kiwewe chenyewe kilifuata mwelekeo huohuo. Hii namba naitumia kila nikibishana na kina mama wa "akiolewa atatulia".

Ila ukiwa mkweli unaiangalia na ile 42. Mwanzoni upande huo walikuwa 83. Yaani kusikilizwa tu na mtu asiyekuhukumu, huku vita haijaisha, watu walishuka mpaka karibu nusu. Nikiwa kwenye kubishana hiyo naipita haraka, nakiri. Na yule mama wa Bamaga, mimi naandika kwenye faili kwamba ngazi zilifanya kazi, lakini mpaka leo sijui kama angepanda lile gari asingejua kuna mtu Mwenge kashika mkoba wake. Upendo una kazi, na pengine kubwa kuliko ninavyokubali kwenye semina. Ninachogomba ni kuupa kazi ya tiba halafu mtu asipopona aambiwe hakupendwa vya kutosha, au yeye ndo hajui kupendwa. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, mteja analia kwamba mume wake ni mzuri hivi na yeye bado anaota.

Na moja la mwisho, sehemu ya 31 komandoo kaweka programu kwenye simu ya binti ili ajue yuko wapi saa zote, kimyakimya, na wasomaji wakatuma makopakopa. Kwani yule mtekaji naye alimjuaje anapopita? Alimfuatilia. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi wa mwili wake, ukimlinda kwa kumnyang'anya uamuzi mwingine hata mdogo, wewe unaita ulinzi, yeye ngozi yake inajua jina lingine. Mwulize. Akikataa, kubali, hata kama adui yuko nje na bunduki, mtafute njia nyingine, si ndo taharuki yenyewe hiyo mnayoitafuta?

Hayo yote nikamrushia kijana kwa voisi ya dakika tisa, maskini. Akajibu, "sasa dada komandoo asimame tu mlangoni? Wasomaji watalala." Nikamwambia mimi sio mwandishi, jaribu.

Jana usiku kaniletea 48. Jinamizi limekuja, taa imewashwa, komandoo yuko kizingitini, anauliza "niingie?" Binti anamtazama muda mrefu, anavuta khanga mpaka kidevuni, anasema "hapana, ila usiondoke". Jamaa anakaa chini kwenye sakafu ya korido, mgongo ukutani, na kule nje geti linalia. Itaendelea.

Nimeshatuma buku.