Je, wajua kwa nini jogoo ana mlio wa mwewe na mlio mwingine wa nguchiro?

Ukipata nafasi, kaa barazani mnamo saa nne asubuhi uwatazame kuku wa kienyeji wakichakura. Mara utamwona jogoo anasita. Analaza kichwa upande, jicho moja linatazama angani, na anatoa sauti usiyoitarajia kwa ndege mwenye makelele kama yeye: nyembamba, ndefu, kama mluzi wa mtu asiyetaka kusikika. Kabla hujainua uso, vifaranga wote wamekwisha zama chini ya magimbi, mama yao amejibana ukutani, uwanja mtupu. Ndipo kivuli cha mwewe kinapita juu ya mchanga.

Siku nyingine anayekuja ni nguchiro, anatambaa kando ya uzio wa michongoma. Hapo jogoo hapigi mluzi. Anafoka "ko-ko-ko-kodee!" mtaa mzima unasikia, na kuku wengine hawajifichi hata kidogo. Wanasimama wima, shingo juu, wanatazama huku na huku, na mwenye mbawa nzuri anarukia juu ya paa la jiko.

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba hizo ni kelele za hofu tu, hofu kubwa na hofu ndogo. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis, akiwemo Peter Marler aliyetumia maisha yake kuchunguza sauti za ndege, walitoa matokeo ya jaribio rahisi na zuri sana. Waliwapigia kuku sauti zilizorekodiwa tu, bila mwewe wala mnyama yeyote kuwapo. Waliosikia mluzi wa hatari ya angani walikimbilia kifuniko, wakachutama na kutazama juu. Waliosikia mlio wa hatari ya ardhini walisimama wima na kukagua upeo wa macho. Hakuna aliyewaonyesha kitu. Sauti yenyewe ndiyo iliyowaambia hatari inatoka wapi.

Na kila sauti imefaa kazi yake. Mluzi mwembamba unaoanza taratibu na kuisha taratibu ni mgumu kujua unatokea upande gani, kwa hiyo jogoo anaonya familia bila kumwelekeza mwewe alipo. Makelele ya nguchiro yana kazi nyingine. Mnyama wa ardhini hutegemea kunyatia, na akishajua ameonekana, nusu ya mbinu yake imekufa. Marler na wenzake waliona pia kwamba jogoo akiwa peke yake mara nyingi hunyamaza mwewe anapopita. Akiwa na tetea karibu, anaonya.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu wafugaji wengi wa nyumbani tunaanza na mawe, manati na sumu, wakati kuku wenyewe wana ulinzi ambao tunaunyima nafasi ya kufanya kazi. Onyo la mwewe maana yake ni "jificheni". Sasa tazama uwanja wako. Umefagiwa vizuri, mweupe, hakuna hata kichaka kimoja. Vifaranga wajifiche wapi?

Kisa cha kuku na mwewe kinasimuliwa sehemu nyingi za Afrika Mashariki: kuku aliazima sindano ya mwewe, wengine husema wembe, akaipoteza, na mpaka leo anachakura ardhi kuitafuta huku mwewe akijilipa kwa vifaranga. Wazee waliona jambo la kweli hapo, kwamba mwewe anadai watoto na si mama. Huyu wetu wa mdomo wa njano na mkia wenye panda kwa kawaida hafiki kilo moja. Kuku mkubwa hambebi. Chakula chake kikubwa ni mizoga, panya, panzi, kumbikumbi na mabaki ya sokoni, na kifaranga ni windo la dakika moja kwake: anashuka, ananyakua kwa kucha bila kutua, anaondoka. Kipanga ni habari nyingine. Huyo hazunguki angani ukamwona. Anakaa kimya ndani ya mti wenye majani mengi, na akitoka anatoka kama jiwe. Wale wakubwa zaidi huweza kumuua hata kuku aliyekomaa, na utamtambua kwa duara la manyoya aliyoyanyonyoa papo hapo.

Pwani tuna wa tatu, kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu. Alitoka Bara Hindi, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kumaliza taka, akavuka bahari na leo ametanda Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kuendelea. Mimi namwogopa kuliko mwewe. Nimewaona wawili wakishirikiana: mmoja anamchokoza mama kwa mbele, na mama anapomrukia, mwenzake anadonoa kifaranga kwa nyuma. Mayai nayo hayaponi.

Bibi yangu kule Muheza hakuwa na wavu. Alikuwa na tenga la machungwa. Vifaranga wakitotolewa, mchana aliwafunika na mama yao chini ya mwembe, jiwe juu ya tenga ili paka na mbwa wasilipindue, kibakuli cha maji ndani, pumba na mchwa vikipitishwa kwenye tundu. Kila siku mbili tatu alilisogeza tenga mahali pakavu. Aliwaweka humo karibu mwezi mzima, mpaka mbawa zilipokuwa zimeota vizuri na miguu ikawa na mbio. Sijaona mbinu ya bei nafuu inayoishinda hiyo. Wiki za kwanza ndizo zinazomaliza vifaranga wengi, na hapo tenga linazuia mwewe, kunguru, nguchiro na paka kwa pigo moja.

Wakishatoka, wape pa kukimbilia. Migomba, mihogo, magimbi, kitanda cha kamba kuukuu, kichanja kifupi cha makuti, chochote kilicho hatua chache kutoka wanapokula. Chakula kisimwagwe katikati ya uwanja wazi. Wanaoishi karibu na wavuvi waombe nyavu zilizochakaa, uzitande juu ya eneo la kulishia. Ndege anayeshuka kwa kasi hathubutu kuingia penye nyuzi. Santuri za sidii zinazomeremeta na vinyago vya kutisha ndege husaidia siku chache, kisha mwewe anavizoea kama anavyozoea watoto wanaocheza. Wako wafugaji, Kenya na kwingineko, wanaowapaka vifaranga rangi ya zambarau au kijani wasifanane na chakula. Haina ubaya ikiwa rangi si ya sumu, ila ndege wawindaji wana macho makali na wanajifunza, kwa hiyo usiifanye ngome yako ya pekee.

Vifaranga waliototolewa kwa mashine wana hasara kubwa zaidi, kwa kuwa hawana mama wa kuwaita chini ya mbawa zake. Hao usiwaachie nje mapema hata kama wanaonekana wameshupaa.

Hayo yote ni ya mchana. Jua likizama, mluzi na makelele ya jogoo havina kazi tena, kwa sababu jicho la kuku limeumbwa kwa mwanga na gizani anakuwa karibu na kipofu. Ndiyo maana jioni anatafuta kupanda juu. Kuku wa mwitu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, mababu wa kuku wetu, hulala mitini mpaka leo. Anayelala mti wa juu ameepa mbweha. Kanu hajamwepa, maana kanu hupanda mti kama paka, na bundi anatoka hewani bila sauti.

Usiku ndipo wanakuja wale ambao wengi wetu tunawaita wote "kicheche": kicheche mwenyewe mwenye mistari na harufu kali, kanu mwenye madoa na mkia mrefu, fungo. Hapa pana swali linaloumiza watu sana. Unaamka asubuhi unakuta kuku kumi na wawili wamelala chini, wameng'atwa shingoni, na aliyeliwa ni mmoja tu. Mnyama huyo ana roho mbaya? Hapana. Mwindaji ameumbwa kuuma kinachopapatika mbele yake, na porini akimkamata mmoja wengine hutoweka, kwa hiyo kazi inaisha yenyewe. Bandani hakuna wa kutoweka. Kuku wanapapatika palepale gizani, na kila anayepapatika anaamsha kung'ata upya. Mtafiti Mholanzi Hans Kruuk aliliona jambo hilo kwa fisi Serengeti miaka ya 1960: katika usiku mmoja wa giza nene na dhoruba, swala tomi 82 waliuawa, na wengi wao hawakuliwa kabisa. Swala nao walishindwa kukimbia gizani.

Kwa hiyo banda la usiku ni mlango na matundu, basi. Wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke, haumzuii mwindaji asiingie. Mbwa anauchana, na paka anapitisha mkono na kumvuta kuku aliyelala karibu. Tumia wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, angalau futi tatu za chini, na kichanja cha kulalia kiwe mbali na ukuta. Chini, laza kipande cha wavu kuelekea nje kama futi moja, ukifukie kidogo: mchimbaji huanza kuchimba palepale ukutani, akikuta wavu chini ya kucha anakata tamaa. Ukipandisha banda juu ya nguzo, vika nguzo bati laini panya asipande. Mlango uwe na komeo la chuma. Kamba iliyofungwa fundo hulegea, na siku utakayosahau ndiyo siku atakayopita.

Ukipata hasara, soma alama kabla hujamlaumu jirani mwenye paka. Yai limetoweka lote bila ganda: kenge au nyoka, wote wawili humeza zima. Maganda yametobolewa na kuachwa: kunguru. Kuku mzima katoweka usiku bila damu wala unyoya: fungo, au chatu ikiwa uko karibu na mto, au binadamu. Kuku anayeatamia amekufa juu ya mayai na ardhi inatembea: siafu. Hao hawazuiwi na wavu wowote. Majivu ya moto mengi kuzunguka banda huwageuza, na miguu ya kiota cha juu ikisimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, hawapandi.

Ninaloomba kwa moyo wote ni kutotega nyama yenye sumu. Sumu ya shambani iliyowekwa kwa ajili ya kicheche mmoja humuua mbwa wako, mwewe anayeokota mzoga, kisha tai mzoga anayekuja baadaye. Tai mzoga wa Afrika Mashariki wamepungua vibaya sana, na sumu ndiyo sababu kubwa. Kumbuka pia kwamba mdondo, ugonjwa ambao wengine wanauita kideri, unaweza kufagia banda zima kwa wiki moja, na chanjo yake ni bei ndogo kuliko gharama ya kugombana na mwewe mwaka mzima.

Na jambo moja la wakati wa wageni na sikukuu. Desturi yetu ni kuchinja jogoo mkubwa kuliko wote. Kabla hujashika kisu, kaa nao asubuhi mbili tatu uone ni yupi anayelaza kichwa upande na kutazama juu wenzake wanapokula. Huyo mwache, chinja mwingine.