Gari kuukuu, kioo cha mbele bei chee?

Wengi huamini kwamba gari likizeeka, kubadilisha kioo chake cha mbele ni rahisi mfukoni. Imani hii ina chembe ya ukweli: gari la zamani halina kamera nyuma ya kioo, ile ambayo kwenye magari mapya hulazimu kupimwa na kuelekezwa upya baada ya kazi. Hapo kweli unaokoa pesa.

Lakini bei haifuati umri wa gari. Hufuata upatikanaji wa kioo. Gari lililouzwa kwa wingi huwa na vioo vya kampuni mbalimbali sokoni; lililotoka kwa uchache na kuacha kutengenezwa huenda likakulazimu kuagiza mbali, na usafirishaji wa kioo kikubwa si mchezo.

Kisha kuna kutu, ambayo watu huisahau kabisa. Fundi akishang'oa kioo, huenda akakuta ukingo wa bodi umeliwa hadi kutoboka. Gundi haishiki juu ya kutu, na maji yatapenya. Lazima ukingo usuguliwe, pengine uchomelewe, upakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo kioo kirudi. Kazi hiyo yaweza kuzidi bei ya kioo chenyewe.

Magari ya zamani zaidi hushikilia kioo kwa raba badala ya gundi. Raba iliyokauka ikapasuka haifai kurudishwa, kwa hiyo ulizia bei yake mapema, pamoja na ya vipande vya urembo vinavyozunguka kioo.