Matunzo ya mtoto ni haki ya nani?

Baba akiitwa ustawi wa jamii, mara nyingi utetezi wake wa kwanza ni huu: “Hizo hela anakula yeye.” Hapo neno matunzo limeshapotoshwa. Matunzo si posho ya mama wala fidia ya mapenzi yaliyovunjika. Mwenye haki ni mtoto. Anayemlea humdaia tu.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, wazazi wawe walifunga ndoa au hawakufunga. Kabla yake, mama wa mtoto wa nje ya ndoa alidai kwa sheria ya zamani iliyoweka shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi 100! Hazikutosha hata nauli ya daladala, na ziliendelea kuandikwa hivyo hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2009.

Leo hakuna kiwango kimoja. Mahakama ya Watoto huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, mzigo wa watoto wengine, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Mwajiriwa anaweza kukatwa kwenye mshahara. Kazi ipo kwa dereva wa bodaboda au mfanyabiashara mdogo anayesema “sina kitu”, maana hana hati ya mshahara ya kumuumbua. Ndiyo maana nawasihi akina mama waweke daftari: unga, maziwa, dawa ya kikohozi, sare, mchango wa shule, kila kitu na tarehe yake. Baba naye atume kwa simu, kwani ujumbe wa muamala utamtetea siku akiambiwa hajawahi kutoa. Fedha ya mkononi haina shahidi.

Baba akimkana mtoto, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha DNA.

Linaloniuma zaidi ni biashara ya kubadilishana: “Hutumi hela, humwoni mwanao.” Au: “Sijamwona, situmi.” Kisheria hayo ni madai mawili tofauti, na mtoto anastahili yote. Baba aliyezuiwa aombe mahakamani amri ya kumtembelea mwanawe, huku hela ya maziwa ikiendelea kwenda. Kwa kawaida amri ya matunzo hufika ukomo mtoto akitimiza miaka 18, ila akiwa bado anasoma mahakama inaweza kuiongeza.