US 20, ndefu kuliko Route 66

Dhana: Route 66 ndiyo barabara ndefu kuliko zote Marekani, tena inaunganisha bahari na bahari.

Hapana, kwa yote mawili. Route 66 ilianzia Chicago, mbali kabisa na Atlantiki, ikaishia Santa Monica: kama kilomita 3,900. Mwaka 1985 ikafutwa kwenye orodha rasmi, na watalii wa leo hufuata mabaki yake.

Ndefu kuliko zote ni US 20. Inatoka Kenmore Square mjini Boston, inakatiza majimbo 12 na kufika Newport, Oregon, hatua chache kutoka Pasifiki. Ni kilomita 5,415 hivi. Newport kuna kibao kinachosema Boston iko maili 3,365, na Boston nako kimesimamishwa cha Newport chenye maili hizohizo.

Namba yenyewe ingetosha kumtonya mtu. Waliopanga namba mwaka 1926 walizipa sifuri mwishoni barabara kubwa za mashariki–magharibi: 20, 30, 40. Hata hiyo 66 nusura iwe 60, lakini Kentucky ikang'aka kwamba imenyimwa barabara ya sifuri, ikapewa 60. Majimbo ya njia ya Chicago yakaambulia 66, na umaarufu wote ukayaangukia hayo!

Dhana: Serikali kuu iliijenga US 20 mwaka 1926, na ni mali yake.

Kilichofanyika 1926 ni kubandika namba kwenye njia ambazo nyingi zilikuwapo. Massachusetts, sehemu yake inafuata njia ya wapeleka barua wa enzi za ukoloni wa Uingereza. Upande wa magharibi iliishia Yellowstone. Oregon ilifikiwa 1940. Matengenezo ni juu ya kila jimbo, mpaka leo.

Dhana: Ukishika US 20 Boston, unaifuata bila kukatika mpaka Newport.

Hapa ndipo ramani zinapowadanganya wengi. Kutoka mji wa Cody, Wyoming, unapanda bondeni kando ya Mto Shoshone hadi lango la mashariki la Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, na hapo namba 20 inatoweka. Barabara za ndani ya hifadhi hazibebi namba za US. Unalipa kiingilio, unapita kando ya Ziwa Yellowstone, na namba unaikuta tena West Yellowstone, Montana. Hiyo ni kiangazi. Kuanzia Novemba theluji inafunga njia hiyo kwa magari ya kawaida hadi masika, kwa hiyo anayetaka kuvuka hana budi kuzunguka mbali.

Kwa sababu ya pengo hilo, wapo wanaoipa ushindi US 6, ya Provincetown, Massachusetts, hadi Bishop, California: kilomita kama 5,158 zisizokatika. Hoja yao ina uzito, ingawa mimi bado naihesabia 20.

Dhana: I-90, barabara kuu ya kasi, iliiua US 20.

I-90 ya Boston hadi Seattle imeipokonya malori na wasafiri wenye haraka, hasa mashariki. Lakini haiingii kabisa Iowa wala Nebraska. Huko US 20 ndiyo inayopita miji midogo na malisho ya ng'ombe ya Sandhills, vilima vya mchanga vya Nebraska. Iowa ilikamilisha 2018 kuipanua kuwa njia nne, kutoka Dubuque kando ya Mississippi hadi Sioux City. Hakuna jimbo linalomwaga fedha hizo kwenye barabara iliyokufa.