Kuwa na lebo si kumiliki nyimbo zote

Wengi huamini kwamba mwanamuziki akishafungua lebo yake huru, kila alichowahi kurekodi huwa mali yake. Kwa kawaida sivyo. Aliyepitia bendi, akapiga gitaa la kukodiwa studioni, kisha akawa mtayarishaji, huacha nyuma mikataba tofauti, na kuanzisha lebo hakufuti hata mmoja. Isitoshe, haki ya utunzi na haki ya rekodi ni vitu viwili.

Chukua santuri yoyote: jina lililo kwenye mabano chini ya wimbo aghalabu ni la mtunzi, ilhali herufi P ndani ya duara, alama iliyowekwa katika mkataba wa kimataifa wa 1961, hufuatwa na mwaka wa kutolewa na mwenye rekodi wa wakati huo, ambaye huenda baadaye aliiuza.