Kipato cha chini katika kaya yenye watoto: hupimwa vipi?

Fomu za basari zilipotoka, mama mmoja anayeuza omena katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, alinijia na fomu ya kijana wake. Tulijaza jina, shule, wadi na namba ya kitambulisho bila shida. Tulipofika palipoandikwa "mapato ya mzazi kwa mwezi" akanyamaza, kisha akaniangalia. "Sasa hapa niandike nini, mwalimu? Leo nimetoka na mia sita. Jana mvua ilinyesha, sikuuza kitu. Na ziwa likifungwa mwezi wa nne, ndio kabisa."

Maneno "familia zenye kipato cha chini" tunayasikia redioni, kwenye baraza la chifu na kwenye mikutano ya wazazi, na wengi wetu huyachukulia kama jambo la kuonekana kwa macho. Kumbe ndani yake mna hesabu. Na mahali watoto wanapowekwa katika hesabu hiyo ndipo kaya moja huitwa maskini na jirani yake akaambiwa yuko sawa.

Tuanze na pesa yenyewe. Siku nzuri mama huyu huuza omena za Sh3,000. Hayo ni mauzo, bado si mapato. Toa bei ya mzigo alionunua ufuoni alfajiri, toa nauli ya boda, toa ushuru wa soko. Kinachobaki ndicho kipato. Lakini zile omena alizopika jioni kwa watoto nazo ni kipato, hata kama hazikupitia mfukoni. Pesa anazotumiwa na dada yake wa Nairobi kwa M-Pesa ni kipato. Mkopo wa chama si kipato, maana utarudi, na deni la dukani vilevile. Kisha weka miezi ya Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa ili samaki wazaliane, nawe utaelewa kwa nini neno "kwa mwezi" humtoa jasho mtu asiye na payslipu.

Ndiyo maana Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, linapopima umaskini, hutazama matumizi kuliko kipato. Wahoji hukaa na kaya na kuuliza: siku saba zilizopita mmekula nini? Kipi mlinunua, kipi kilitoka shambani, kipi mlipewa? Halafu wanauliza kodi ya nyumba, karo, sabuni, nauli, dawa na nguo. Mahindi ya shamba la nyuma ya nyumba kule Vihiga hutiwa bei kana kwamba yalinunuliwa sokoni. Mtu anaweza kusahau alichopata mwezi uliopita, au akaona haya kukitaja, lakini alichowapikia watoto juzi anakikumbuka. Tena matumizi hayarukiruki kama kipato, kwa sababu msimu mbaya watu hukopa na msimu mzuri hulipa. Kwa nchi ambayo wengi wako kwenye jua kali na vibarua, naona njia hii ndiyo ya haki zaidi. Ila ina upofu wake. Mzazi aliyeuza ng'ombe wa mwisho ili mtoto atibiwe anaweza kuonekana ametumia pesa nyingi mwaka huo, na karatasi ikasema hali yake ni nzuri.

Tukishapata jumla ya matumizi, lazima igawanywe. Kugawa kwa idadi ya vichwa ni rahisi, lakini si sawa kusema mtoto wa miaka mitatu anakula kama baba yake. Kwa hiyo wataalamu humpa kila mtu uzito. Katika kipimo kinachotumika Kenya, kilichoandaliwa miaka ya 1970, mtu wa miaka 15 na zaidi huhesabiwa kuwa 1, mtoto wa miaka 5 hadi 14 huwa 0.65, na mtoto wa chini ya miaka 5 huwa 0.24. Ukijumlisha uzito huo unapata vizio vya mtu mzima.

Chukua kaya ya mfano katika mtaa wa Kondele, hapa Kisumu. Baba anaendesha boda, mama anauza mboga, na watoto ni watatu: wa miaka 16, wa miaka 9 na wa miaka 3. Vichwa ni 5. Vizio ni 1 na 1 na 1, ongeza 0.65 na 0.24, yaani 3.89. Kama kaya hii inatumia Sh24,000 kwa mwezi, basi kila kizio kina karibu Sh6,170.

Sasa tulinganishe na mstari wa umaskini, yaani kile kiasi ambacho kaya ikitumia chini yake huhesabiwa kuwa maskini. Katika utafiti wa kaya wa 2015/16, shirika lilipiga bei ya kapu la chakula lenye kumpa mtu mzima kilokalori 2,250 kwa siku. Kapu hilo lilikuwa Sh1,954 kwa mwezi vijijini na Sh2,551 mijini. Walipoongeza mahitaji mengine kama nyumba, mavazi, matibabu na shule, mstari ukawa Sh3,252 vijijini na Sh5,995 mijini, kwa kila kizio cha mtu mzima. Shilingi hizo ni za bei za wakati ule, si za gorogoro ya mahindi ya leo; tuzichukue kwa ajili ya hesabu tu. Kaya yetu ya Kondele ingehitaji 5,995 mara 3.89, yaani Sh23,320. Inatumia Sh24,000. Imeuvuka mstari kwa Sh680. Si maskini.

Tuipe miaka miwili. Bei hazijabadilika, baba bado yuko na boda yake, mama bado yuko na kibanda chake, na matumizi ni yaleyale Sh24,000. Kitinda mimba ametimiza miaka 5. Uzito wake umetoka 0.24 hadi 0.65, vizio vya kaya vimekuwa 4.30, na sasa inahitaji Sh25,778. Hakuna aliyefukuzwa kazi wala aliyeugua. Mtoto amefikisha umri wa kwenda shule, basi, na kaya nzima ya watu watano imeanguka chini ya mstari. Na kama kabla ya hapo binti ya shangazi, wa miaka 15, angekuja kutoka Siaya kuishi nao, jambo la kawaida kabisa kwetu, kizio kizima kingeongezeka siku aliyoshuka kwenye matatu.

Huo uzito wa 0.24 ndio unaonikera. Umetokana na sahani. Mtoto mchanga hula kidogo, ni kweli. Lakini yeyote aliyelea anajua kwamba gharama ya mtoto mchanga haiko kwenye sahani peke yake. Kuna kliniki, kuna maziwa, kuna malipo ya kila siku kwa mama anayewatunza watoto mtaani wakati wewe uko sokoni. Na kama huna hizo pesa, unamfunga mgongoni na unafunga kibanda mapema. Saa hizo zilizopotea hazina mahali pa kuandikwa.

Nchi nyingine hugawa kwa njia nyingine. Kipimo kinachotumika sana Ulaya humpa mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine wa miaka 14 na zaidi 0.5, na kila mtoto wa chini ya hapo 0.3. Kaya yetu ya Kondele ingekuwa na vizio 2.6 tu badala ya 3.89. Wazo ni kwamba watu wakiishi pamoja wanagawana gharama: paa ni moja, taa ni moja, mashine ya kufua ni moja. Hilo lina mantiki pale ambapo nyumba ndiyo inayokula pesa nyingi. Pale ambapo chakula ndicho kinachokula pesa, kuishi pamoja hakupunguzi sana. Ugali wa watu watano haupikwi kwa unga wa watu wawili na nusu.

Mstari nao unaweza kuchorwa kwa njia tofauti. Wa Kenya umefungwa kwenye kapu: una uwezo wa kulinunua au huna. Uingereza hutumia pia mstari unaosogea. Piga picha watu wote nchini wamepanga foleni, kila mmoja ameshika kipato cha kaya yake, kuanzia kidogo hadi kikubwa, vizio vikiwa vimeshazingatiwa. Kipato cha aliye katikati kabisa ya foleni ndicho mediani. Mtoto anayeishi kwenye kaya yenye chini ya asilimia 60 ya mediani hiyo huhesabiwa kuwa wa kipato cha chini, na takwimu hutolewa mara mbili: kabla ya kutoa gharama za nyumba na baada ya kuzitoa. Hilo la pili lingetufaa pia. Mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja Rhonda, Nakuru, na mwenzake mwenye shilingi zilezile anayeishi kwenye nyumba aliyoachiwa na wazazi Njoro, hawana maisha sawa.

Wazo la kuupigia bei umaskini wa familia si geni. Mwaka 1899, Seebohm Rowntree alizichunguza kaya za wafanyakazi mjini York, Uingereza, akakadiria kwamba baba, mama na watoto watatu walihitaji shilingi 21 na peni 8 kwa wiki ili miili yao isidhoofike. Aliona pia kitu ambacho bado tunakiona mitaani: mfanyakazi yuleyule huwa maskini mara tatu, akiwa mtoto, akiwa na watoto wadogo, na akiwa mzee. Mshahara wake haukuwa lazima ushuke. Midomo ndiyo iliyoongezeka.

Kuna hatua moja ambayo huwachanganya hata waandishi wa habari. Asilimia ya kaya maskini na asilimia ya watoto maskini si namba moja. Mtoto hapimwi peke yake. Hupewa hali ya kaya anayoishi. Chukua plot yenye kaya 10. Kaya 3 ni maskini, kila moja ina watoto 5. Kaya 7 zina nafuu, kila moja ina watoto 2. Ukihesabu milango, umaskini ni asilimia 30. Ukihesabu watoto, 15 kati ya 29 wamo kwenye nyumba maskini, zaidi ya nusu. Plot ni ileile na siku ni ileile. Utafiti wa 2015/16 ulipata kwamba asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa chini ya mstari, na ripoti ya mwaka 2022 ikataja asilimia 39.8. Hizo ni hesabu za watu wote. Ukitaka kujua habari za watoto, dai hesabu ya watoto.

Hata hiyo hesabu ya watoto hudhani kwamba ndani ya nyumba kila mtu hupata fungu lake. Hudhani mama si wa mwisho kula, na hudhani mtoto wa marehemu dada hupewa kipande sawa na watoto wa nyumba. Na wapo watoto ambao mhoji hawafikii kabisa, kwa sababu hubisha hodi kwenye kaya: wanaolala kwenye baraza za maduka mjini, na walio kwenye makao ya watoto.

Msaada unapokuja, mara nyingi hakuna muda wa kuuliza matumizi yote, kwa hiyo hutumika dalili: sakafu, choo, kuni au gesi, mifugo. Kule Rarieda, Siaya, shirika la GiveDirectly lilipoanza kugawa pesa lilitazama paa: nyumba ya nyasi ilistahili, ya mabati haikustahili. Ni rahisi, na kijiji kizima kinaona hakuna ujanja. Lakini paa halikwambii walio chini yake ni wangapi. Mjane ambaye mwanawe alimwekea mabati kabla ya kufariki, akamwachia wajukuu wanne, paa lake linang'aa.

Mpango wa serikali wa kutunza mayatima chini ya Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya, iwe na mtoto mmoja au sita. Tunatumia vizio hadi desimali mbili kusema nani ni maskini, halafu tunapogawa tunasahau kwamba watoto huhesabika. Mimi sijaona sababu ya kutosha ya kuacha hivyo.

Yule mama wa omena tulimaliza fomu yake siku mbili baadaye. Nilimwomba akumbuke alichotumia wiki nzima, kuanzia unga hadi mafuta ya taa, tukaongeza kodi na karo, tukapata namba ya kuweka kwenye nafasi ile. Kisha nikamuuliza anaishi na nani. Watoto wake watatu, wawili wa marehemu dada yake, na mama yake mzazi. Fomu haikuwa na swali hilo. Tuliandika kwa kalamu ya bluu pembeni mwa karatasi, herufi ndogo ili zitoshe: watu saba, na umri wa kila mmoja.