Fishingi: barua pepe inayokuja kuvua akaunti yako ya gemu

Fishingi ni ulaghai wa kujifanya kampuni au mtu unayemwamini ili umkabidhi nywila yako kwa mkono wako mwenyewe. Mwizi huyu havunji mlango. Anabisha hodi kwa upole na wewe unamfungulia. Neno lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la kuvua samaki. Lilianza kusikika Marekani katikati ya miaka ya 1990, walaghai walipowaandikia wateja wa AOL, kampuni ya huduma za intaneti, wakijifanya wafanyakazi wa kampuni hiyo. Sisi tunaujua mchezo huu kwa sura nyingine: ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Huu wa gemu huja umevaa vizuri zaidi, una nembo, rangi na kitufe cha kubonyeza.

Mpwa wangu wa kidato cha tatu anakaa Majengo, hapa Moshi. Jioni moja alinijia mbio na simu mkononi: "Shikamoo mjomba, nimepewa daimondi!" Daimondi ni sarafu ya ndani ya gemu. Barua ilisema akaunti yake imechaguliwa kupata zawadi, na asipothibitisha ndani ya saa 24 zawadi itakwenda kwa mwingine. Alikuwa amebakiza kuandika nywila tu. Nikamwambia aguse jina la mtumaji. Juu palikuwa na jina la gemu. Alipogusa, ikajitokeza anwani ya Gmail yenye msururu wa tarakimu. Lile jina la juu kila mtu hujiandikia analotaka, na kwenye simu mara nyingi ndilo pekee tunaloliona.

Kisha tazama kiungo. Kwenye simu, kishikilie bila kuachia mpaka anwani kamili ionekane. Tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya https://, halafu rudi nyuma: maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo, yaliyotenganishwa na nukta, kwa kawaida ndiyo humtaja mwenye tovuti. Kwa hiyo store.steampowered.com ni ya Steam, duka la gemu la mtandaoni, lakini steampowered.com.zawadi-zako.xyz ni ya huyo zawadi-zako.xyz, hata kama imeanza kwa jina unalolifahamu. Na soma herufi moja moja. Andika "stearn" kwa r na n zilizobanana, uone jinsi inavyofanana na "steam" kwenye kioo kidogo chenye nyufa.

Wengi walifundishwa kutafuta makosa ya lugha. Ni dalili, ndiyo, lakini siku hizi walaghai wanaandika vizuri, kwa hiyo usiitegemee. Mimi naogopa zaidi haraka: akaunti itafungwa leo, umeshtakiwa kwa udanganyifu, ofa inaisha. Mtoto aliyekusanya skini (mavazi na mapambo ya ndani ya gemu) kwa miaka miwili akisikia atafungiwa, hasomi anwani tena.

Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri inayokuja kwenye simu, uwashe, unasaidia sana. Ila ujue kwamba tovuti ya uongo nayo huweza kukuomba ile namba ya siri, huku mwizi akiiingiza papo hapo kwenye tovuti halisi. Ukiwa na shaka, achana na kiungo cha barua. Fungua gemu lenyewe. Kama kuna taarifa ya kweli kuhusu akaunti yako, utaikuta humo au kwenye tovuti yao uliyoiandika kwa mkono.

Kama umeshaiandika nywila, anza kwa kubadilisha nywila ya barua pepe yako, hasa kama ni hiyo hiyo, maana anayeishika barua pepe anaweza kubadili nywila za akaunti nyingine zote. Kisha badilisha ya gemu, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, na uwaandikie wahudumu wa gemu ukiwa na risiti za manunuzi yako. Mtoto akikwambia ametapeliwa, usimgombeze kwanza. Mshike mkono mfanye hayo pamoja, kwa sababu kila dakika anayokuficha kwa hofu ni dakika ya mwizi.